Mahudhurio ya Diski

Jumatatu saa kumi na dakika kumi alasiri, mwalimu wa darasa la sita alivuta kiti, akafunua kitambaa kilichofunika kompyuta, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Kisha skrini ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba diski haikuonekana, na kwamba abonyeze kitufe chochote ili kuendelea. Akabonyeza. Skrini ikarudia maneno yaleyale. Akabonyeza tena, maana mtu huwa anabonyeza tena.

“Imeanza?” mumewe aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akisuuza vikombe.

“Imeanza.”

“Si nilikuambia umwite fundi?”

Kompyuta hiyo ilikuwa na mchezo huo kwa miezi minane sasa. Kuna saa iliwaka vizuri, faili zote zikajipanga kama watoto mstarini, na kuna saa iligoma kabisa, ikadai haijui diski ni mnyama gani. Alama za mtihani za darasa zima zilikuwa humo, na mwalimu mkuu alizitaka kabla likizo haijaisha. Mumewe naye alikuwa na haraka yake. Yeye alikuwa mkaguzi wa majengo, na baraza la mapitio lilikuwa limemwandikia barua: afike tarehe ishirini na moja, saa tatu asubuhi, na ripoti yake ya ukuta wa shule pamoja na kifaa alichoiandikia.

Shule yenyewe ndiyo aliyofundishia mkewe. Ukuta ule ulimwangukia na kumuua msichana wa darasa la sita aliyekuwa akipiga kengele ya mapumziko. Ripoti ya mkaguzi ilisema kuwa siku alipoukagua ukuta ulikuwa imara, naye mkaguzi aliiambia mahakama kwamba mwashi aliongeza mistari mitatu ya matofali baadaye bila kumwambia mtu. Mwashi akafungwa miaka saba. Sasa alikuwa ameomba kesi yake itazamwe upya, na baraza lilikuwa limekubali kuitazama mara moja, basi.

“Mwite kesho,” mkaguzi alisema, akitoka jikoni na vikombe viwili vya chai. “Nataka iwe imetulia kabla ya tarehe hiyo. Kuna vitu vyangu nataka kuvipanga humo.”

Alimwekea mkewe kikombe upande wa kulia, mbali na karatasi, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa mume wa namna hiyo.

Fundi alikuja Jumanne saa tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono, na mtaa mzima ulimwita Bisibisi kwa sababu hakosi kuwa na moja ameichomeka kwenye kilemba. Mkaguzi alikuwa kazini. Mwalimu aliwasha kompyuta ili kumwonyesha ubaya wake, nayo ikawaka mara moja, bila kukohoa. Mwalimu alijisikia kama mama aliyekimbiza mtoto hospitali, kisha mtoto akafika huko na kuanza kuruka kamba.

“Naapa jana iligoma,” alisema.

“Usiape, mwalimu. Huwa zinanijua,” Bisibisi alisema. “Zikiniona tu zinajifanya zina adabu.”

Alifungua kisanduku, akapuliza vumbi, akachomoa waya unaopitisha data akaweka mpya. Ule wa umeme hakuugusa.

“Na huu je?”

“Huu kesho. Mimi nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikibadilisha viwili ikapona, nitajuaje nimshukuru nani?”

Saa kumi jioni mkaguzi alirudi, akavua viatu, akaketi mbele ya kompyuta. Diski haikuonekana.

Jumatano Bisibisi alibadilisha waya wa umeme. Jioni diski haikuonekana. Alhamisi alihamishia waya kwenye tundu lingine la ubao mkuu. Ijumaa alileta kisanduku kingine kabisa cha kugawa umeme, kizito kama tofali. Kila alipofika asubuhi, mashine ilimpokea kwa tabasamu. Kila jioni ilimsahau.

“Sasa hapa tunahitaji daftari,” alisema, akijikuna chini ya kilemba. “Kila unapowasha, andika. Siku, saa, diski imeonekana au la. Na chochote kingine kilichokuwapo. Feni, pasi, redio, mvua. Hata mgeni akija kukopa chumvi, mwandike. Kitu kinachokwenda na kurudi lazima kinafuata kitu kingine kinachokwenda na kurudi.”

Mwalimu hakuwa na daftari tupu nyumbani, ila daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, lenye kurasa chache safi mwishoni. Akalitumia hilo. Upande wa kushoto, mahali pa majina, aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Diski. Feni. Pasi. Redio. Mvua. Jirani mwenye spika. Mimi. Mume wangu. Kisha, asubuhi na jioni, kwa siku tisa, akaita majina. Aliyekuwapo alimwekea alama ya vema, asiyekuwapo akamwekea mkasi, mistari miwili iliyopishana. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne na mkono wake haukuhitaji kufikiri.

Bisibisi alilisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari.

“Pasi haina neno. Mvua haina neno. Huyu wa spika ana makosa yake, lakini si haya.” Kidole kilishuka, kikasimama. Kikarudi juu. “Mwalimu, hebu tazama mstari wa kwanza na wa mwisho.”

Mwalimu alitazama. Palipokuwa na vema kwa mumewe palikuwa na mkasi kwa diski. Palipokuwa na mkasi kwa mumewe, diski ilikuwa na vema. Siku tisa, asubuhi na jioni, bila kukosea hata mara moja. Hakuwahi kuwa na wanafunzi wawili waliokwepana kwa utaratibu mzuri kiasi hicho.

“Kwa hiyo ni mume wangu,” alisema.

“Kwa hiyo bado hatujui. Jumamosi yuko nyumbani? Basi Jumamosi tutambadilisha.”

Jumamosi mkaguzi alikubali kubadilishwa. Aliketi sebuleni na gazeti lake, miguu juu ya kigoda. Mwalimu aliwasha, na skrini ikasema haikuona diski. Bisibisi alizima, akafungua ubavu wa kisanduku, akainama na tochi. Mahali pa diski palikuwa patupu. Skrubu nne zilikuwa zimekaza vizuri, hazikushika kitu. Nyaya mbili zilining’inia na vichwa vyake vipya.

“Mimi nahangaika na nyaya,” Bisibisi alisema, na sauti yake ilikuwa na lawama kidogo, kama ya mtu aliyefichiwa habari na wenyeji. “Kumbe inatoka.”

“Inatoka kwenda wapi?” mkaguzi aliuliza bila kuteremsha gazeti.

“Hiyo si kazi ya fundi, shemeji. Hebu nenda dukani ukanunue mkate.”

“Mkate upo.”

“Basi kanunue mwingine.”

Akaenda. Mlango ulifungwa, hatua zake zikapungua barabarani. Mwalimu alipepesa macho, na diski ilikuwa imo, skrubu nne zikiishika, nyaya zimechomekwa. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Juu yake kulikuwa na vumbi la kijivu, laini, la unene wa karatasi.

Bisibisi alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akalisugua na dole gumba.

“Saruji,” alisema. “Tena saruji ya kudanganyia. Hii ni mchanga mtupu ulioonyeshwa saruji kwa mbali.”

Mwalimu aliinama karibu. Vumbi hilo alilijua. Miezi minane iliyopita alilipangusa kwenye viatu vyake, kwenye nywele zake, na kwenye kengele ya shaba ambayo msichana yule hakuwa ameiachia.

Siku ya pili yake, Jumapili, alikwenda shuleni. Kifusi cha ukuta kilikuwa palepale kando ya darasa la sita, kwa kuwa mahakama iliamuru kisiguswe mpaka kesi iishe. Kesi ilipoisha hakuna aliyekumbuka kutengua amri. Mlinzi wa shule alikuwa ameketi kivulini mwa ofisi akishona ukanda wa kiatu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwalimu. Likizo imekushinda?”

“Nimekuja kuuliza kitu. Umewahi kuona hapa kidude kama kisanduku cha chuma, bapa, ukubwa wa kitabu kidogo?”

“Kile?” Mlinzi alielekeza sindano kwenye kifusi. “Huja. Jioni sana sana, na mwisho wa wiki. Kinakaa pale juu ya matofali, pale pale ilipokutwa kengele. Hakisumbui mtu.”

Mwalimu aligeuka. Diski ilikuwa pale, imelala juu ya tofali lililovunjika, kibandiko chake cheupe kikitazama juu. Nyumbani, mumewe alikuwa amelala kwenye kochi.

“Na hukumwambia mtu?”

“Nilidhani ni mali ya ofisi. Mvua ikinyesha nakifunika kwa beseni.” Akakata uzi kwa meno. “Kimekosea?”

“Hapana, baba. Hakijakosea.”

Jumatatu asubuhi, mkaguzi alipokwenda kazini na diski ikarudi, mwalimu alikaa mbele ya skrini mikono yake ikiwa mapajani. Folda ya mumewe iliitwa KAZI. Kwa miaka sita hakuwahi kuifungua, kama ambavyo mumewe hakuwahi kufungua mkoba wake wa shule. Akajikaza, akaifungua.

Ripoti zilikuwa mbili. Ya kwanza iliitwa “ripoti ukuta”, na mara ya mwisho iliguswa tarehe tatu, majuma matatu kabla ya ukuta kuanguka. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kuwa saruji iliyotumika haitoshi hata nusu, kwamba mwashi mwenyewe amemweleza mkaguzi upungufu huo na kumwonyesha mifuko aliyoletewa, na kwamba ukuta ubomolewe kabla ya watoto kurudi shuleni.

Ya pili iliitwa “ripoti ukuta sahihi”. Ndani yake ilikuwa na tarehe tatu ileile, na ilisema ukuta ni imara. Lakini kompyuta ina daftari lake la mahudhurio, nayo ilikuwa imeandika pembeni siku na saa faili hiyo ilipozaliwa: tarehe ishirini na nne, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Ukuta ulianguka tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi.

Mwalimu alisoma saa ile mara tatu. Akashuka mstari mmoja chini, kwa sababu kulikuwa na kitu cha tatu kilichoguswa jioni hiyo, saa kumi na mbili na dakika tano. Ilikuwa picha.

Hakuhitaji kuifungua. Ilikuwa imetundikwa juu ya kompyuta, ndani ya fremu, msichana akiwa ameshika kengele kwa mikono miwili na kucheka na mpiga picha. Jioni ile mwalimu alikuwa ametoka hospitali, amekaa kitandani bila kuvua viatu. Mumewe aliingia na karatasi, akampa. Karatasi ilikuwa bado na joto la printa. “Nimekuchapishia,” alimwambia. “Nilijua utaitaka.” Mwalimu alimshika mkono akaulilia mkono ule mpaka akalala.

Dakika ishirini na tano. Alimaliza kuandika uongo, akapumua, akamtafutia mkewe picha.

Mwalimu alikaa pale. Jirani aliwasha spika yake, akaizima. Mchuuzi wa mifagio alipita akiita. Saa kumi funguo zilisikika mlangoni, na skrini iliyokuwa mbele yake ikawa nyeusi.

“Imeanza?” mumewe aliuliza.

“Nimesoma.”

Mkaguzi alivua kiatu kimoja. Akabaki nacho mkononi.

“Zote mbili?”

“Zote mbili.”

Aliketi kwenye mkono wa kochi. Hakukana. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa kukana, alikuwa amepanga maneno, na sasa maneno hayo yalimkwama mkononi kama zawadi isiyo na mwenyewe.

“Niliambiwa na wakubwa wangu nisubiri sherehe ya ufunguzi ipite,” mumewe alisema. “Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa. Wakasema ni majuma machache tu.”

“Ukasubiri.”

“Nikasubiri.”

“Na mwashi?”

“Ilibidi apatikane mtu.” Alivua kiatu cha pili, akavipanga viwili sambamba ukutani. “Nimejaribu kuifuta ile ya kwanza mara thelathini na moja. Kila nikikaa, diski haipo. Mimi nilifikiri ni waya.”

“Utasema mbele ya baraza.”

“Wakiniuliza nitajibu.”

“Utajibu nini?”

“Nitakachoulizwa.” Akainuka. “Utakunywa chai?”

Alimletea. Aliweka kikombe upande wa kulia, mbali na karatasi. Mwalimu alikitazama mpaka utando ukatanda juu yake.

Tarehe ishirini na moja, baraza lilikaa kwenye ukumbi wenye meza ndefu ya kitambaa cha kijani na saa iliyokuwa mbele kwa dakika tano. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kando yake alikaa karani na kitabu kikubwa. Bisibisi alikuwa ameibeba kompyuta kwapani tangu kituo cha basi, akaiweka mezani na kuiunganisha. Mwashi aliletwa akaketishwa benchini kati ya askari wawili. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa safi mno. Alipomwona mwalimu alimwamkia kwa kichwa, kama mzazi siku ya mikutano ya shule.

Mkaguzi alikuwa bado nje, anajaza fomu ya mashahidi. Mwalimu aliruhusiwa kusema, akasema yote: tarehe tatu, tarehe ishirini na nne, saa, dakika. Bisibisi aliwasha. Faili zikaonekana kwenye skrini, zote mbili. Mwenyekiti alisoma ya kwanza hadi mwisho na kuvua miwani.

“Hili ni jambo zito,” alisema, na mwashi akanyoosha mgongo.

“Mheshimiwa,” karani alisema, “kanuni inataka kielelezo kitambuliwe na aliyekiandika, mtu na kielelezo vikiwa pamoja ndani ya ukumbi.”

“Basi aitwe.”

Mkaguzi aliingia. Alikuwa amevaa shati ambalo mwalimu mwenyewe alilipiga pasi Jumapili kabla hajakwenda shuleni. Skrini ikawa nyeusi. Bisibisi alifungua ubavu wa kisanduku, akakielekeza mezani ili wajumbe wote waone skrubu nne.

Karani aliandika, akisoma kwa sauti kama ilivyo desturi ya vikao: “Saa tatu na nusu. Mwandishi yupo. Kielelezo hakipo.”

“Atoke kidogo,” mwenyekiti alisema.

Mkaguzi alitoka. “Saa tatu na dakika thelathini na tatu. Kielelezo kipo. Mwandishi hayupo.”

Walifanya hivyo mara nne. Hakuna aliyetikisa kichwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama dirisha likifunguliwa inaweza kusaidia, likafunguliwa, halikusaidia. Bisibisi alitoa flashi mfukoni na kusema amenakili kila kitu tangu juzi. Karani alimweleza kwa upole kuwa nakala huandikwa na yeyote mwenye vidole, na kwamba baraza hupokea kitu chenyewe tu.

“Basi muulizeni!” Mwalimu alisikia sauti yake ikiwa juu kuliko alivyokusudia. “Yeye yupo. Ana mdomo. Muulizeni kama aliandika!”

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Alionekana kama mtu anayetaka kusaidia.

“Shahidi anaulizwa juu ya kilichopo mezani, mwalimu. Lakini swali la kanuni lipo, nitaliuliza.” Akamgeukia mkaguzi. “Je, unakitambua kielelezo kilicho mbele yako kuwa umekiandika wewe?”

Mwalimu alimtazama mumewe usoni, uso aliouona kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, na alijua, alijua kabisa kama anavyojua jina lake, kwamba sasa atasema. Mtu anayejua kikombe cha mkewe kiwekwe wapi hawezi asiseme. Neno moja tu lilitakiwa, na diski haikuhitajika kwa neno hilo.

Mkaguzi alitazama kisanduku. Alitazama skrubu nne.

“Sioni kielelezo chochote mbele yangu, Mheshimiwa,” alisema.

Na ulikuwa ukweli. Karani aliuandika vizuri, akaweka nukta.

Masikio ya mwalimu yaliziba kama ya mtu aliyezamishwa majini. Aliona midomo ya mwenyekiti ikisema kuwa hukumu inabaki ilivyo. Aliona askari wakisimama. Aliona mwashi akikitazama kile kisanduku kitupu kwa jicho la kazi, kama anapima kitachukua matofali mangapi, kisha akasema jambo, na mwalimu akalisikia hilo tu: “Mimi nilimwonyesha mifuko. Alikuja na kalamu, nikamwonyesha.” Akaambiwa anyamaze, akatolewa.

Kwenye korido Bisibisi alikuwa akifunga waya kwa raba. Alimpa mwalimu kipande cha karatasi ambacho humpa kila mteja kazi ikiisha. Kilikuwa kimeandikwa: Imepimwa yote. Mashine haina hitilafu. Mteja amejulishwa.

“Sikujua niandike nini kingine, dada yangu,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mwezi uliofuata mkaguzi alipandishwa cheo. Alipewa kompyuta ndogo ya kazini, ambayo diski yake haijatoka hata siku moja, na ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, kwa sababu alikuwa anaandika mwongozo wa ukaguzi wa majengo ya umma. Mwalimu alihamia chumba cha nyuma. Kila jioni, saa kumi na moja, alisikia kikombe kikiwekwa nje ya mlango wake, upande wa kulia. Asubuhi alikimwaga kwenye sinki, akakiosha.

Kwa kuwa mkaguzi sasa alikuwa nyumbani kutwa, diski haikurudi tena. Ilikaa shuleni. Mlinzi aliizungushia matofali matatu kuzuia upepo na kuipa beseni lake moja kwa moja. Watoto waliporudi kutoka likizo waliikuta pale, wakaambiwa na mwalimu kuwa humkimbia mtu aliyeandika kwamba ukuta ule ni imara, wakaizoea. Mpira ukiangukia upande ule waliuchukua kwa adabu.

Jina la msichana wa kengele lilikuwa namba kumi na saba katika daftari la mwaka uliopita. Katika daftari jipya ofisi ilitaka namba hiyo iachwe wazi, kusiwe na mkanganyiko. Mwalimu hakupenda nafasi wazi. Siku ya kwanza alipofika kumi na saba alitazama dirishani, akaandika mahali pa jina: Diski. Akaweka vema. Siku ya tatu alipofika hapo na kupandisha macho dirishani, mtoto aliyeketi karibu na dirisha alinyoosha shingo.

“Ipo, mwalimu.”

“Asante. Kumi na nane.”

Tangu hapo ikawa kazi ya mtoto wa dirishani. Ilikuwapo kila siku, na mahudhurio yake yalikuwa bora kuliko ya mtoto yeyote darasani.

Muhula ulipofika katikati, ukuta mpya ulijengwa kando ya kifusi, nyuma ya ubao wa darasa la sita. Mwashi wa safari hii alikuwa kijana asiyependa kuongea, na mifuko ililetwa na gari lilelile lililoleta ya ukuta wa kwanza. Ukuta ulipanda haraka. Ukapakwa rangi ya maziwa. Barua ikaja kuwa utakaguliwa wiki hiyo, nayo haikutaja siku.

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, mwalimu alifungua daftari na kuanza kuita. Kumi na nne, yupo. Kumi na tano, anaumwa. Kumi na sita, yupo.

“Kumi na saba.”

Mtoto wa dirishani alinyoosha shingo. Akasimama, akatazama vizuri, huku akijishika kwenye nondo za dirisha.

“Haipo, mwalimu.”

Mwalimu alipandisha macho. Kule getini mlinzi alikuwa anamfungulia mgeni. Mgeni alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba faili kwapani, na alikuwa akifuta viatu vyake kwenye nyasi kabla ya kuingia, kama afanyavyo nyumbani. Kalamu alikuwa ameishika tayari.

Mwalimu alishusha macho kwenye daftari. Akaweka mkasi.

Hakuwaambia watoto neno. Walikuwa wamekwisha kusimama, wawili wawili, wanayabeba madawati polepole bila kelele na kuyapeleka upande mwingine wa chumba, mbali na ukuta.